Kichwa cha Inje na Kichwa cha Ndani

Siku ya kwanza ya kazi niliamka mbele ya kuku kuamka. Wadogo zangu wa madarasa ya chini, chekeni, lakini zamani zetu, ni kusema mwaka jana, kazi ilikuwa kazi. Shule yetu hapa Kasongo ilikuwa na Bwana Mushauri, mwenye kupimisha wafinalisti, wanafunzi wa mwaka wa mwisho, test: maulizo ya kuonyesha akili ya mutu inaelekea wapi, apate kuchagua masomo ya institut, shule inayofuata. Aliniita kwa sababu nilikuwa nasumbua darasa.

«Mudomo wako unatafuta kazi,» akasema. «Utawasomea maulizo kwa sauti.»

Kwanza niliwekwa mulangoni. Halafu nikapanda cheo, nikasimama mbele ya ubao.

Ndipo yakatokea mambo ya Zaina, binti wa kijiji cha Wamaza kule Kabambare, wa kwanza wetu katika hesabu. Alitaka uganga, ule wa hospitali. Baba yake mudogo alikuwa amekata neno: test ikikataa, anarudi kulima. Matokeo yakatoka: cherehani. Cherehani! Zaina akishona kifungo, mwenye shati anatafuta bandeji.

Hakulia. Alisimama wima mbele ya meza. «Narudilia test.»

«Binti yangu, wewe mwenyewe ulijibu kila pahali kama haupendi kazi ya kichwa.»

«Ndiyo! Tangu utoto nabeba mihogo na kichwa, maji na kichwa, kuni na kichwa. Shingo imechoka! Nani anapenda kazi ya kichwa?»

Bwana Mushauri alivua miwani. Tukauliza wengine wa vijiji vya Kabambare: wote walijibu vile vile, wote cherehani. Tungevalisha hata mbuzi za kule.

Test ikaanza upya. Safari hii, pahali pa «kazi ya kichwa», nikasoma: «kazi ya kufikiri.» Matokeo ya Zaina yakatoka: uganga, bila kuyumba.

Siku yangu ya mwisho kazini (zamu yangu ya kupimwa ilifika, na finalisti hajipimi mwenyewe, ikabidi nistaafu) baba mudogo wa Zaina alifika na moto wa hasira, amesikia tu habari ya cherehani, kamba ya kufungia valizi, sanduku la nguo za Zaina, mukononi. Bwana Mushauri akamuelezea.

«Kazi ya kichwa?» akashangaa. «Lakini hiyo anaifanya nyumbani!»

«Baba mudogo,» Zaina akasema, «hii ni ya kichwa cha ndani.»

Muzee akakunja kamba, akaitia mufukoni. Akainua valizi ya Zaina iliyokuwa mulangoni, akaiweka juu ya kichwa chake mwenyewe.

«Basi ya inje nitafanya mimi. Institut iko wapi?»