Maji Yaliyobaki Darajani

Kazini kwetu tunachora ramani, na kwenye ramani zetu Mpendae ninakokaa imo ndani ya Mkoa wa Mjini Magharibi, haina ubishi. Nenda sasa ukawaulize watu wenyewe. Jirani yangu anaapa kuwa shamba kunaanzia Mwanakwerekwe. Wa Mwanakwerekwe naye, thubutu umwambie anakaa shamba, atakutolea maneno; kwake yeye shamba ni huko Tunguu. Kila mtu anausogeza mpaka mbele kidogo ya mlango wake, halafu anawacheka waliobaki nje.

Bibi yangu, mama yake mama, hakuwa na haja na mabishano hayo. Mjini kwake kunaishia Darajani. Ukishavuka pale umeshafika ng'ambo, na ng'ambo ni ng'ambo, iwe Mpendae iwe wapi. Nilimchukua kuja kukaa kwangu baada ya ngazi ya nyumba yake ya Mji Mkongwe kuporomoka, na tangu siku hiyo wageni wakimuuliza hali alikuwa akijibu kwamba hajambo, yuko safarini.

"Bibi, ng'ambo ya nini?" nilimwambia siku moja, nimeshachoka kusikia. "Maji yenyewe hapana pale. Hata daraja hapana, limebaki jina tu."

Kweli ulikuwapo zamani mkono wa bahari, ukiutenga mji na upande huu wa pili. Ulifukiwa yeye bado mtoto, ikapita barabara, mimi nimezaliwa naiona barabara. Bibi alinitazama kwa huruma.

"Wamefukia juu," akasema. "Chini hawakufukia."

Sikupenda alivyolisema. Chumba chake kina dirisha moja tu, na dirisha lenyewe linatazama ukuta wa jirani. Bahari iko mbali, huisikii wala huipati harufu. Naye amekaa kitandani anavuta tasbihi, mara ananyanyua kichwa: "Maji yanajaa." Mimi napika, namwambia haya, Bibi. Baadaye: "Yamesimama." Nikafanya ujinga wa kumuuliza mwenzangu mmoja kazini, mtu wa kuvua siku za mapumziko, ana saa za maji kujaa na kupwa kwenye simu yake. Ikawa kweli. Kesho yake, kweli. Nikawa naandika kwenye karatasi wiki nzima, naomba akosee japo mara moja nilale kwa raha. Hakukosea. Ile karatasi niliichana, sikutaka iwemo nyumbani mwangu.

Halafu ikaja ile Alhamisi. Baada ya adhuhuri alinipigia binti wa dada yake Bibi, kutoka Mji Mkongwe. Huyo dada mtu alikuwa mgonjwa siku nyingi, na wa tumbo moja walikuwa wamebaki wao wawili tu.

"Mlete Bibi sasa hivi," akaniambia huku analia. "Mama anamwita tangu asubuhi. Daktari keshatwambia, asipomuona leo hamuoni tena."

Nikaita taksi. Tulipokaribia Darajani magari yakakwama, nikaona bora tushuke tuvuke kwa miguu, nyumba si mbali na pale. Bibi alishuka vizuri, akanishika mkono, tukasogea mpaka ukingoni mwa barabara. Hapo akasimama.

"Twende, Bibi, madereva wametusimamia."

"Maji yamejaa."

"Lahaula! Bibi, hii lami. Huyaoni magari?"

"Nnayaona." Akaukaza mkono wangu. "Mama alitukataza mimi na dada. Yakijaa tungoje yapwe ndipo tuvuke. Dada anajua, atangoja."

Simu ikalia. Mko wapi? Tuko hapa hapa, nikasema, tunavuka. Nikamvuta. Mtu mwenyewe mifupa mitupu, hakusogea. Watu wa sokoni wakaanza kutukodolea macho, mmoja mwenye kapu akanambia taratibu dada, huyo mtu mzima. Nikampandishia: kwani wewe unatujua? Hasira zilikuwa zimenishika, na hofu pia, na hivyo viwili vikikutana kwangu hutoka uongo.

"Bibi, yamekupwa."

Akanigeukia. "Kweli?"

"Wallahi yamekupwa. Tope tupu. Nimetazama kwenye simu."

Nilikula kiapo, Mungu anisamehe. Sikuwa nimetazama kitu.

"Maadamu umesema wewe," akajibu.

Akavua makubadhi yake akayashika mkononi, akapandisha buibui mpaka muundini, akaingia barabarani. Hatua ya kwanza na ya pili hazikuwa na neno. Ya tatu nikaona ananilemea. Alikuwa anakwenda kwa kusukuma magoti, moja baada ya moja. Tulipofika kati akanyanyua mikono yote miwili juu ya kichwa, na viatu vyake, akainua kidevu, akafumba mdomo, akaacha kuvuta pumzi. Skuta ikatupita ubavuni na honi juu, hata hakupepesa. Nilimkamata kiunoni nikamvuta kwa nguvu zangu zote, na kitu kinamvuta kwa upande, kuelekea Mnazi Mmoja, njia ambayo maji yakijaa yalikuwa yakipita zamani. Sikioni, lakini nakivuta nacho kinavuta. Nilipiga kelele. Dereva mmoja akadhani namtukana yeye.

Tulipofika upande wa pili alipumua kwa kishindo. Nilimvisha viatu mimi, na miguu yake ilikuwa baridi kwenye jua lile.

Tulimkuta dada yake yuhai. Nilimshukuru Mungu, nikajiambia basi, uongo wangu umefaa. Bibi akakaa kitandani, akaushika mkono wa dada yake, naye akafumbua macho akamtazama kwa muda mrefu.

"Nani huyu?"

"Mdogo wako, mama," binti yake akamjibu. "Si ndiye unayemwita?"

"Siye. Mdogo wangu bado yuko ng'ambo, anangoja maji." Akageuza uso mlangoni. "Msimharakishe."

Tulimwambia tena na tena. Bibi mwenyewe mkono ameushika tu. Dada mtu alibaki anautazama mlango alasiri yote, magharibi ikaingia, bado anatazama. Alifariki baada ya isha. Safari hii simu niliitazama kweli. Maji yalikuwa yameshakupwa.

Siku ya tatu ya matanga nilikuwa napitisha kahawa kwa wanawake. Mtu mmoja mtu mzima, jirani wa siku nyingi, alimkumbatia Bibi akampa pole, akamwambia ashukuru, angalau aliwahi kufika akamshika dada yake mkono.

Bibi alimsikiliza kwa adabu mpaka akamaliza.

"Sikufika, mwenzangu," akamwambia. "Nilizama pale Darajani. Mjukuu wangu alinambia yamekupwa."