Jozi Tatu za Pilipili

Fundi Soli kashastaafu siku hizi, lakini ukutani, juu ya kiti anachosinzilia, zimening'inia jozi tatu za viatu vya mtoto. Ngozi safi, mshono wa mkono, na hakuna hata jozi moja iliyochakaa. Mgeni akiuliza, mzee anacheka peke yake kwanza, halafu macho yanamlegea.

Ni vya Pilipili, binti yake. Jina alipewa na wateja, na alilistahili. Mama yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya, akakulia kibandani kwa baba, chini ya meza ya kazi, kwenye harufu ya gundi. Alipofika umri wa chekechea, mtoto akabadilika. Asubuhi kilio, mchana hasira, jioni kisirani. Ukimshika shavu, anakung'ata. Mwalimu akamrudisha nyumbani.

Sasa, fundi viatu ni fundi viatu. Kwake, dhiki zote za binadamu zinaanzia kwenye nyayo. Akamtazama mtoto anavyopigapiga miguu chini, akasema: viatu vinambana. Akamshonea vipya. Kilio kikazidi. Akashona vingine, vipana. Halafu vingine tena, laini kama shavu la huyo huyo mtoto. Na kila kilio kilipopanda, mkono ulikwenda kwenye kopo la peremende na biskuti, kopo la kuwabembeleza watoto wa wateja wanaokataa kupimwa mguu. Pilipili akawa anaishi kwa kopo. Chakula hakigusi.

Siku moja shangazi mtu, dada yake Fundi, akamkuta mtoto amejitupa sakafuni.

"Kaka, mtoto kakushinda huyu."

"Hajanishinda, dada. Ni soli tu. Nabadilisha soli."

"Soli! Shule zikifunguliwa nikamkuta bado hivi, namchukua. Nakuja na begi."

Kwenye nyumba ile Fundi hakuwa na mtu mwingine. Akambeba mtoto mpaka zahanati, na jozi zote tatu kwenye mfuko, kama ushahidi.

Muuguzi, mama mmoja mwenye miwani kwenye ncha ya pua, hata hakuvitazama. Akamlaza Pilipili, akambonyeza tumbo. Gumu.

"Anapata choo kila siku?"

Fundi akakuna kichwa. Hilo hakuwahi kulifuatilia. La kopo la peremende alilijua, akalisema.

"Baba, wewe umeshuka chini mno. Panda kidogo, hapa." Akagusa kitovu cha mtoto. "Tumbo na kichwa vinazungumza. Tumbo likifunga, mtoto ananuna. Akinuna sana, tumbo nalo linakaza. Mtu mzima angekwambia. Huyu anakung'ata."

"Sasa nifanyeje?"

"Dawa ya kulainisha choo nakupa. Ila hilo kopo lifungie. Maji, matunda, mboga, maharage, mtindi. Akishakula, akae chooni bila kufokewa. Na usitegemee muujiza. Hasira nyingine ni za utoto tu, hizo utavumilia."

Kopo likatiwa misumari. Jamani, siku za mwanzo zilikuwa vita! Papai lilirushwa likatua kwenye shati la mteja wa watu. Lakini Fundi akawa anakula naye sahani moja, halafu anakaa nje ya mlango wa choo, anagonga nyundo yake taratibu na kumwimbia wimbo wa kujitungia, wa kiatu kilichoumwa tumbo. Kidogo kidogo tumbo likalainika. Na uso nao ukafuata.

Shule zilipofunguliwa, shangazi huyo, na begi lake.

"Yuko wapi?"

"Chooni."

"Analia?"

"Sikiliza mwenyewe."

Nyuma ya mlango, kisauti kilikuwa kinaimba ule wimbo wa kiatu. Pilipili akatoka mbio, sketi mbele nyuma. Shangazi akavuta mkono haraka, maana ana uzoefu. Hakung'atwa. Alikumbatiwa magoti.

Shangazi akavua viatu vyake, visigino vimelegea, akamsukumia kaka yake.

"Basi nitengenezee hivi. Nisirudi na begi tupu."

Pilipili sasa ni mama wa watoto. Akija kumsalimia mzee, akichelewa kidogo tu chooni, mzee anaanza kugonga mkono wa kiti kwa vidole, anauimba wimbo ule ule.

"Baba! Mimi mtu mzima!" anapiga kelele kutoka ndani.

Lakini ubeti wa pili anauitikia.