Kisusio Nilichomkorogea Mwanangu Askari

Ninyi vijana mtakaosoma haya, msinicheke. Mimi niliishia darasa la nne, na mambo mengine mpaka leo sijayaelewa.

Mwanangu wa pili ni askari wa barabarani. Mwaka jana basi lilipinduka, yeye akawa wa kwanza kufika. Alitoa watu kwa mikono yake. Baadaye wakubwa wake wakampa likizo, wakamwambia kila Alhamisi ashuke Moshi mjini kwa mama mmoja wa ushauri nasaha, wakae waongee. Akaja kukaa kwangu, Mwika.

Waongee nini? Mtu hana homa, hana kidonda. Anakaa tu kizingitini anaangalia migomba. Ukidondosha sufuria, anaruka. Niliwaza amerogwa. Nikawaza pombe, nikamnusa mdomo kama mtoto. Hakuna kitu. Nikasema basi, damu imempungua.

Kwetu mtu akipungukiwa damu, dawa yake inajulikana. Nikachinjisha mbuzi dume, nikakoroga kisusio mwenyewe, supu na damu yake, mpaka ikawa nzito. Ilikuwa Jumapili baada ya misa, watoto wangu wote wapo. Bakuli la kwanza nikampa yeye.

Hakuligusa. Akalisukuma mbali, akageuza uso.

"Kaka, bunduki huogopi, unaogopa supu?" mdogo wake akamtania.

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, sifichi.

"Kunywa," nikamwambia. "Mbuzi mzima amekufa kwa ajili yako."

"Mama, siwezi. Ile harufu. Siku ile nilinawa, nikanawa, haikutoka."

Akainuka, akaingia migombani, akatapika. Mkewe akamfuata. Aliporudi peke yake akaniambia, "Mama, anasema Alhamisi haendi tena. Kama hata nyumbani anachekwa, kule kwa mgeni atasema nini?"

Nimepika kitu kimponye, kimemfukuza mezani. Na yule mama wa mjini hana hata kidonge, lakini mkewe anasema tangu aanze kwenda kwake walau analala. Anamlazaje kwa maneno? Sijui. Ila mtu aliyelala namjua.

Alhamisi asubuhi nikasimama mlangoni, wote wakiwa kwenye chai.

"Hapa kwangu kisusio hakikorogwi mpaka yeye mwenyewe akiombe. Mtu yeyote asimwulize aliona nini. Na wewe uliyemtania, vaa viatu, mpeleke kaka yako Moshi, umngoje nje mpaka atoke."