Mahindi Yanayonuka Moshi

Ijumaa, tarehe ishirini Februari. Joto tangu alfajiri, upepo hakuna; wingu moja lilijitokeza kabla ya adhuhuri, likaghairi.

Dobi alirudi nyumbani kutoka kazini saa kumi, shati limemganda mgongoni. Miaka nenda miaka rudi alikuwa akipiga pasi nguo za watu katika chumba cha nyuma cha duka la kufulia, na kila msimu wa joto mama yake alimtumia gunia la mahindi mabichi kutoka shambani. Gunia likifika, wapangaji wote hutoa mikeka uani, wakala na kupiga soga mpaka giza liingie. Na kila mara Dobi hutamka lilelile: "Mwakani narudi nikalime na mama."

"Mwakani ya kalenda gani, jirani?" fundi saa wa chumba cha pili humtania.

Safari hii mahindi yalikuja makavu. Mkewe alikuwa ameyapukuchua yote asubuhi, na sasa sufuria kubwa lilikuwa likitokota.

"Mama mkwe katuletea mahindi yananuka moshi," alicheka. "Nimeyaosha maji matatu!"

Dobi aliyatazama maganda yaliyorundikwa ukutani. Yalikuwa meusi kwa masizi, yamefungwa mawili mawili. Mahindi yanayofungwa hivyo hutundikwa juu ya moto jikoni yasiingiwe na wadudu. Ndiyo mbegu. Utotoni, aliyeyagusa alichapwa, hata mwaka wa njaa.

Aliingia chumbani, akapiga simu.

"Mama, umekosea gunia. Umetuma mbegu."

"Sijakosea, baba. Magoti yamegoma. Nani atazipanda? Kuleni na watoto."

"Mwakani nakuja, mama. Safari hii kweli."

"Haya, baba," alijibu, kwa sauti ileile aliyombembelezea alipokuwa mtoto mwenye homa. "Mmeyatia chumvi?"

Uani watu walikuwa wamekwisha kujipakulia. Mkewe alimsogezea sahani, akamtazama usoni.

"Mbona umepoa hivyo, baba watoto?"

"Joto tu."

"Haya, mkulima wetu!" fundi saa alipaza sauti, mdomo umejaa. "Tutangazie basi. Mwakani unarudi, hurudi?"

Wote wakamgeukia, tayari kucheka. Dobi alitafuna polepole. Mahindi yalikuwa yameiva barabara, laini mpaka katikati.

"Matamu," alisema.

Kicheko hakikuja. Mtu mmoja akaomba aongezewe.

Asubuhi yake aliamka kabla ya wenzake, akainama uani kutafuta punje hata moja ambayo haikupikwa. Alichungulia chini ya mkeka, kwenye nyufa za saruji, mlangoni pa jiko. Hakuona kitu, mkewe alifagia vizuri siku zote. Akayabeba maganda hadi jalalani, akakwangua sufuria kwa kijiko, akawamwagia njiwa makoko. Kisha akanawa masizi mikononi, akaenda kuwasha pasi.