Ngoma Ni Muhimu

Kazi yangu ni kufundisha watu wazima kubishana kwa maandishi. Nafundishia katika chuo kidogo mjini Eldoret, orofa ya pili, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo, na kila muhula nasahihisha insha za kushawishi hadi mkono unakuwa mwekundu kwa wino. Wanafunzi wangu ni watu wema, na hapo ndipo shida inapoanza. Mtu mwema akiambiwa aandike sentensi moja ya kubeba msimamo wa insha nzima, anaandika, "Michezo ni muhimu kwa vijana." Mwenzake anaandika, "Afya ni jambo la maana." Mimi huandika pembeni maneno mawili tu: nani anabisha?

Ndilo somo langu lote. Hoja kuu ni sentensi ambayo mtu mwenye akili zake timamu anaweza kuikataa. Asipokuwapo wa kuikataa, hakuna wa kushawishi, na sote tunaweza kwenda zetu kunywa chai. Nimeyaandika maneno hayo mara nyingi mno hata wanafunzi wamenibatiza nayo. Wakiniona kwenye ngazi husikika mmoja akinong'ona, "Nani Anabisha anakuja." Mimi hujifanya sijasikia, kisha napanda ngazi kwa madaha zaidi.

Nasema haya ili ijulikane kwamba mtu aliyeketi sebuleni kwangu mvua zilizopita, akiwa na kalamu mkononi, alikuwa mtaalamu.

Tunasali katika kanisa dogo huku Yamumbi, lenye ibada mbili kila Jumapili. Walioliwekea msingi walikuwa wageni kutoka upande wa ziwa na magharibi: makarani, wauza samaki, mafundi, walimu kama wazazi wangu. Walikuja na magodoro, masufuria na ngoma moja ya ngozi ya ng'ombe. Ngoma hiyo imepigwa na mama mmoja kwa miaka yote ninayokumbuka. Alikuwa karani katika kiwanda cha nguo, akastaafu, akafiwa na mume, watoto wakaenda walikoenda, na ngoma ikabaki. Baridi ya huku kwetu huilegeza ngozi, kwa hiyo kila Jumapili yeye hufika kabla ya watu wote na kuiweka ngoma karibu na jiko la chai, nyuma ya kanisa. Huigeuza polepole kama mtu anayechoma mahindi, anaigonga kwa kidole, anasikiliza, anaigeuza tena.

Kisha kanisa likanunua kinanda. Kikapewa mpigaji kijana mwenye bidii, ambaye ni binti yangu. Ikaonekana upesi kwamba ngoma na kinanda havipatani: kimoja kinaenda huku, kingine kule, na waumini katikati hawajui wamfuate nani. Vijana wakaomba ngoma ipumzishwe. Mwenyekiti wa kamati, mzee mpole aliyestaafu kutoka posta, akatangaza kwamba mwenye maoni ayalete kwenye kikao kwa maandishi, ukurasa mmoja.

Jumapili hiyo hiyo kina mama wa kwaya ya zamani walijaa sebuleni kwangu, wamebeba mandazi. Walisema Mungu hakunipeleka chuo kikuu bure. Mama mwenye ngoma aliketi mwisho wa kochi, mkoba magotini.

Niliandika sentensi ambayo bado naionea fahari. Ilisema ngoma isiondolewe katika ibada ya kwanza, kwa sababu bila ngoma wazee hawaimbi, na kanisa ambalo wazee wake wamenyamaza limepoteza nusu ya sauti yake. Niliisoma kwa sauti ya darasani. Wakapiga makofi. Halafu wakaanza kuirekebisha.

Wa kwanza alisema "isiondolewe" ni kama tunaiamuru kamati, na sisi si watu wa kuamuru. Nikalitoa neno. Wa pili alisema tukitaja wazee, mwenyekiti atafikiri anasemwa yeye, maana ni kweli haimbi. Nikawatoa wazee. Mwingine akasema kuandika kwamba kanisa limepoteza kitu ni kama kuleta mkosi, nami nikaufuta upotevu wote. Ibada ya kwanza nayo ikatoka, ili watu wa ibada ya pili wasijisikie vibaya. Kwa upande mwingine, barua ilinenepa kwa mbele: tulimshukuru Mungu, tukamshukuru mchungaji, kamati, walionunua kinanda, na nusura tukishukuru kinanda chenyewe. Sentensi yangu ilizunguka sebule kama mtoto mchanga anayepakatwa na kila mtu, na iliponirudia haikuwa na kofia, wala soksi, wala shati. Ilibaki hivi: "Ngoma ni muhimu."

Mtu atauliza kwa nini mtaalamu hakupinga. Mtaalamu alikuwa na andazi mkononi, la pili mdomoni, na chumba kizima kilikuwa kinamwita Mwalimu. Zaidi ya hayo, mpiga kinanda alikuwa anaosha vyombo jikoni, na mimi hulala nyumba hiyo hiyo.

Kabla hawajaondoka, mama mwenye ngoma aliuliza swali moja. "Na wakikubali, nitapiga?"

Tukamwambia sana. Atapiga mpaka achoke.

Kamati ilikubali. Sijawahi kuona barua ikikubaliwa namna ile. Mwenyekiti aliisoma, vichwa vikatikisika kila upande, na yule kaka wa kwaya ya vijana aliyekuwa ameomba ngoma ipumzishwe akasimama kusema anaiunga mkono kwa moyo wote. Ngoma ni muhimu, alisema. Na kwa kuwa ni muhimu, si vizuri kuiacha hapo mbele ikigongwa na viti. Iwekwe stoo, ifunikwe vizuri, iwe inatolewa Krismasi. Likapita bila pingamizi. Kanisa likapiga makofi, na sisi tukapiga. Hata mama mwenye ngoma alipiga makofi, na kwa mikono aliyo nayo, yake yalisikika kuliko ya wote.

Binti yangu alikuwa ananingoja langoni. Aliuliza tumeshinda au tumeshindwa. Nikamwambia tumekubaliwa.

"Na ngoma iko wapi?"

"Stoo."

Alicheka mpaka akaushika mlango wa geti asianguke. Nilimwambia sioni cha kuchekesha. Alijipangusa machozi, akaniuliza kwa upole ambao sikuupenda, "Baba, kwani nani alikuwa anabisha?"

Jumapili iliyofuata mama alifika mapema kama kawaida. Jiko la chai lilikuwa linawaka na hapakuwa na kitu cha kuweka kando yake, akapasha mikono. Ndani, kinanda kilianza wimbo vizuri kabisa. Nasema kama mzazi na kama shahidi, binti yangu hakukosea hata mahali pamoja. Lakini wazee wa ibada ya kwanza walisimama wakitazamana, kama watu waliofika mtoni na kukuta daraja limehamishwa. Waliingia ubeti ukiwa katikati. Mama alikuwa ameketi kwenye benchi la kati, na vidole vyake vilikuwa vinagonga mkoba, taratibu, mahali pale ambapo ngoma ingelia.

Baada ya ibada alinishika mkono kando ya tangi la maji.

"Mwalimu," alisema, "ile barua ilikuwa nzuri sana. Sasa niandikie mbaya."

Alikuja nyumbani Jumamosi, peke yake, bila mandazi, na nashukuru kwa hilo. Nikamwita binti yangu naye aje aketi. Alisema hawezi kusaidia upande wa pili. Nikamwambia sihitaji msaada, nahitaji adui. Akaketi upesi sana.

Nilimuuliza mama anataka nini hasa. Alijibu anataka kupiga. Nikauliza lini.

"Ibada ya kwanza. Kila Jumapili. Hii maneno ya Krismasi waache, mimi si ule mti."

Nikaandika. Nikauliza, na kinanda je? Hapo binti yangu alishindwa kuvumilia. Alimgeukia mama, akamwita Dani, kama sisi watu wa ziwa tunavyowaita nyanya zetu, na kwa heshima zote akamwambia ukweli ambao kanisa zima lilikuwa limeumeza.

"Dani, ngoma yako inakimbia. Ubeti wa kwanza tunatembea. Tukifika wa tatu ni kama tunafukuzwa na mbwa."

Nilitegemea mama akasirike. Alimtazama mtoto kama mtu aliyemsubiri kwa muda mrefu. "Inakimbia kwa sababu nyinyi mnalala," alisema. "Mimi nikiona watu wamelala naongeza. Wakiamka, narudi."

"Hurudi, Dani."

"Basi hawajawahi kuamka."

Waliendelea hivyo, na mimi katikati nikiandika, nina furaha ambayo sijawahi kuipata kwenye orofa ya pili. Kwa miaka mingi nimewaambia wanafunzi wamtafute mtu anayewakataa kabla ya kuandika, nao humtafuta vitabuni. Mimi nilikuwa naye kwenye kochi langu, amekunja miguu, anakula karanga zangu. Kila alipopinga, sentensi ilipata mfupa. Alipouliza kwa nini ngoma iongoze na si kinanda, mama alisema watu wa ibada ya kwanza hawajui noti, mguu ndio unaowaambia wimbo umeanza, mdomo unafuata. Hilo binti yangu alilikubali. Alikuwa amewaona Jumapili iliyopita, akiwa pale kwenye kinanda, na alikuwa amewaona vizuri kuliko mimi.

Mwishowe tulikuwa na hii: "Katika ibada ya kwanza ya kila Jumapili, ngoma ndiyo ianzishe wimbo na kinanda kiifuate, hata kama ngoma huongeza mwendo, kwa sababu watu wa ibada hiyo huanza kuimba kwa miguu."

Maneno ya kuongeza mwendo yaliwekwa na binti yangu. Alisema tukiyaficha, yeye mwenyewe atasimama kwenye kikao ayaseme. Nilimtazama mama, tayari kuomba msamaha.

"Weka," alisema. "Kukimbia si dhambi. Eldoret hii watu wanapewa medali."

Shukrani zote tulizitoa. Mama aliomba "Bwana asifiwe" ibaki pale juu, nami sikubisha.

Kikaoni, mwenyekiti alipomaliza kusoma, palikuwa na kimya. Nilikihesabu kama ushindi wa kwanza, maana hakuna kichwa kilichotikisika. Kisha watu wakasimama karibu kwa pamoja. Mmoja alisema kinanda kimenunuliwa kwa jasho, hakiwezi kuwa mkia. Mwingine akasema mkia ndio unaofukuza nzi. Mtu aliuliza maana ya kuimba kwa miguu, akaambiwa asimame aonyeshwe, akaonyeshwa, na akaketi haraka. Kaka wa kwaya ya vijana alisema kwa uchungu kwamba ngoma inakimbia. Mwenyekiti akamjibu kwamba imeandikwa hapo kwamba inakimbia, je, ana lingine? Ilibidi atafute. Niliinamisha kichwa kama mtu anayeomba, ili wasinione nikitabasamu.

Hatimaye walimuuliza mpiga kinanda. Binti yangu alisimama. Hakunitazama.

"Mimi naweza kuifuata," alisema. "Nikishindwa nitasema."

Mwenyekiti aliikunja karatasi. Alisema ile barua ya kwanza waliipenda sana, ila hawakujua tulitaka nini. Hii hawajaipenda wote, lakini kila mtu anajua. Basi ijaribiwe Jumapili, halafu kanisa litasema.

Jumapili ngoma ilitoka stoo ikinuka sabuni na unyevu, ngozi imelegea kama shavu la mzee. Mama aliweka kanga mabegani na kukaa nayo karibu na jiko kwa muda mrefu kuliko kawaida. Wapishi wa chai walimzunguka na sufuria zao bila kulalamika. Aligonga kwa kidole, akasikiliza, akageuza. Binti yangu alikuwa amechuchumaa karibu naye, na nilisikia mama akimuuliza anataka wimbo wa kwanza uanze kwa mwendo gani. Nadhani hilo swali halikuwahi kuulizwa katika historia ya kanisa letu.

Kisha ngoma ikalia. Wazee walisimama na mguu wa kila mmoja ukajua mahali pake. Kinanda kiliingia nyuma yake, kwa adabu, kama mkwe anayeingia nyumbani kwa wazazi wa mume. Ubeti wa kwanza tulitembea. Wa pili tulitembea haraka. Katika wa tatu ngoma ikatoka mbio, kama ilivyoandikwa, na niliona uso wa binti yangu juu ya kinanda, meno yote nje, vidole vikifukuza. Hakuachwa. Mwenyekiti hakufungua mdomo, lakini kiatu chake cheusi kilikuwa kinapanda na kushuka juu ya sakafu ya saruji, kikifanya kazi ya watu wawili.

Wakati wa matangazo alisimama akiwa bado anahema. Alisema anaona ngoma ibaki. Kisha, kwa sababu ni mtu wa haki, akauliza kama kuna anayebisha.

Nyuma kabisa mkono uliinuka, wa kaka wa kwaya ya vijana, shati limemganda mgongoni kwa jasho.

"Inakimbia," alisema.

Mama hakugeuka. Alikuwa ameshaipandisha ngoma kati ya magoti, anangoja wimbo unaofuata.

"Nunua raba za mbio, mwanangu," alisema, akapiga.