Nilimtoa Mdogo Wangu kwa Maneno ya Matanga

Naanza kwa kuomba radhi. Mwandiko wangu umepinda, na herufi nyingine najua nimeziweka mahali pasipo pake. Nilisoma shule ya misheni huku Matombo miaka michache tu, na mpaka leo naandika polepole kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Nivumilieni, wasomaji. Jambo hili siwezi kulisema kwa mdomo.

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili asitafutwe mwingine wa kulaumiwa. Nilimtoa mdogo wangu, mtoto wa mama yangu, kwa deni nililolikopa mimi!

Baba yetu alikufa zamani. Tuko watatu nyumbani: mama, mimi, na mdogo wangu Anyesi, msichana ambaye bado ni mtoto wa kutumwa maji. Kodi ya nyumba ilipofika, jumbe wa kijiji chetu alipita akisema asiyelipa atapelekwa kufanya kazi ya barabara. Mama hakuwa na rupia hata moja. Nikashuka Mkuyuni kwa mwenye duka, nikakopa rupia za kodi. Tukapatana nitamlipa kwa mizigo ya mpunga wakati wa mavuno.

Ningeishia hapo, labda nisingeandika barua hii. Lakini dukani kulikuwa na kanzu nyeupe imetundikwa, na Pasaka ilikuwa karibu. Mimi ni mtu wa haya. Kanisani hukaa nyuma kabisa, na wasichana hawajui hata jina langu. Nikawaza, nikivaa kanzu ile wataniona. Nikaikopa pia! Na kofia juu yake!

Mavuno yakaja, mpunga haukuja. Nguruwe waliingia shambani wakala, na kilichobaki tulikila sisi. Hapo ndipo nilipopaswa kushuka kwa mwenye duka na kumwambia, "Bwana, shamba limeliwa, nipe muda." Maneno machache tu! Niliyajaribu njiani mara nyingi, na kila mara nilifika kwenye kijito nikarudi nyumbani.

Basi mwenye duka akamtuma mtu wake wa kudai. Mtu huyu sitamtaja jina. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo nitamwita Mtani. Kwa wasiojua desturi zetu, mtani anaweza kukutukana mbele ya watu ukacheka, anaweza kuingia kwako akachukua kuku akaenda zake, nawe huna la kusema. Siku ukifiwa, yeye ndiye anayekuzikia.

Siku ya kwanza nilimwona akipanda, nikakimbilia migombani. Mama akamwambia sipo.

"Hayupo?" akasema Mtani kwa sauti kubwa. "Basi mwambie ule mgomba wako uliovaa kanzu utoke, nimeshauona."

Majirani wote wakacheka. Nikatoka, majani yamenijaa kichwani.

"Mtani," akaniambia, "ninyi mnakula sahani moja na nguruwe, ndiyo maana mpunga umekwisha. Wagawane na deni pia."

Hata mimi nilicheka. Wallahi nilifurahi! Nilijiambia, kama anayedai ni mtani, basi deni lenyewe limelainika. Hilo lilikuwa kosa jingine, kwa sababu mwenye duka si mtani wetu.

Baadaye kidogo jirani yetu mmoja akafa, mzee mzuri. Tukakaa matanga. Mtani alikuja kufanya kazi yake ya utani, na pale anaruhusiwa kusema lolote. Akajilaza kwenye mkeka wa marehemu, akajifunika shuka, akaanza kukoroma. Wafiwa wakacheka wakiwa bado na machozi. Halafu akainua kichwa akanitazama mimi.

"Marehemu kaenda bila deni. Na wewe uliyekaa kimya pale nyuma, ukifa nitakuzika na nini? Kanzu yenyewe si yako!"

Watu wote wakageuka. Mimi, ambaye sijapata kusema neno mbele ya watu, sijui nini kiliniingia. Nikasimama, nikajibu:

"Kama deni linakuuma, mchukue Anyesi akakutwangie! Mke wako mwenyewe mchi haujui!"

Lo! Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mzee mmoja akanipiga begani akasema, "Kumbe kijana huyu ana mdomo!" Sijapata kuchekewa hivyo maishani mwangu. Nilirudi nyumbani nimevimba kama chura wa masika.

Matanga yalipokwisha, Mtani akaja na watu wawili waliokuwapo siku ile. Safari hii hakutania. Mama alikuwa shambani.

"Nimemfuata yule msichana," akasema.

Nikacheka. Hakucheka.

"Mtani, yale yalikuwa maneno ya matanga," nikasema.

"Matanga yamekwisha. Deni limekwisha?"

Nikawatazama wale watu wawili.

"Hawa wamekusikia. Ulisema nimchukue akatwange. Atakaa rehani mpaka ulipe. Au unataka niende bomani nikalete askari? Viboko vyake unavijua."

Anyesi alikuwa mlangoni, kashika kibuyu cha maji. Akaniuliza, "Kaka, ni utani?"

Wasomaji, hapa ndipo dhambi yangu ilipo. Nilijua kwamba si utani tena. Na bado nikamjibu, "Ndiyo, ni utani tu. Nenda, watakurudisha." Kwa sababu niliogopa askari, na kwa sababu lile neno ndilo lililonitoka kwa urahisi! Akaweka kibuyu chini akamfuata, huku anatabasamu, akidhani ni mchezo.

Mama alipotoka shambani nikamwambia Anyesi amekwenda Mlali kwa shangazi ambaye ni mgonjwa. Mama alimsifu mtoto kwa huruma yake. Nililala na sifa zile kama mtu aliyelalia miiba.

Nikashuka bondeni kutafuta kazi kwenye shamba kubwa la mzungu. Ukifanya kazi pale wanakupa kipande, karatasi inayotiwa alama kila siku ufanyayo kazi, nawe hupati mshahara mpaka kijae. Siku ya homa haina alama. Siku ya mvua haina alama. Mikono ilichubuka, lakini sikulalamika, nikisema moyoni kila alama inamvuta Anyesi hatua moja kuja nyumbani.

Kipande kikajaa. Nikapokea rupia, nikazipeleka zote kwa Mtani. Nyumba yake iko ng'ambo ya mto, nje kidogo ya Mkuyuni. Akazichukua, akazitia kibindoni.

"Hizi ni za chakula chake," akasema. "Unadhani anakula upepo?"

"Lakini anakutwangia! Anakuchotea maji!"

"Na anakula. Deni lenyewe bado hujaligusa."

Hebu fikirini mtego huo! Nikifanya kazi, mshahara wote unaliwa na chakula. Nisipofanya kazi, deni linakua. Nikikimbilia pwani kama vijana wengine, Anyesi atabaki humo mpaka azeeke. Nikienda bomani, niliamini askari watanifunga mimi. Na nyumbani nisingeweza kusema, kwa sababu huku kwetu mtoto ni wa lukolo, yaani ukoo wa mama, na mwenye neno juu yake ni mjomba. Mimi kaka sikuwa na ruhusa ya kuweka rehani hata mchi wa mama, seuze binti wa mama!

Siku ile Anyesi alitoka nyuma ya nyumba na mzigo wa kuni. Alinitazama. Hakuniuliza tena kama ni utani. Alitua kuni, akaanza kuzipanga.

Nikarudi shambani kuanza kipande kingine. Sikuwa na akili ya kufanya jambo lolote jingine.

Mambo yalifichuka kwa njia rahisi. Mama alishuka kuuza ndizi sokoni Mkuyuni, akamkuta Anyesi amebeba debe la maji, nywele hazijasukwa. Wanasema mama hakupiga kelele. Alikaa chini pale pale katikati ya ndizi zake, akamsikiliza Anyesi mpaka mwisho, kisha akaenda kumwita mjomba.

Mjomba alinifuata mwenyewe mpaka shambani kwa mzungu. Nikampigia magoti, "Shikamoo, mjomba." Hakuitikia. Hilo peke yake lilinitosha kuwa adhabu.

"Nani alikufundisha kwamba mtu ni mbuzi?" akaniuliza.

"Niliogopa, mjomba."

"Uliniogopa mimi kuliko yule? Mimi ningekupiga, halafu ningelipa. Yeye hakukupiga, na kalipwa nini?"

Tukaenda naye hadi kwa mwenye duka. Mjomba akaeleza. Mwenye duka akaacha mizani, akatutazama kama watu waliolewa.

"Mimi nilidai mpunga," akasema. "Nani aliniletea msichana? Na rupia unazosema, mbona sijaziona?"

Hakuwa ameona hata hela moja! Alimwona Anyesi akipita na maji, akadhani ni mtoto wa ndugu wa Mtani. Halafu akaniambia neno linaloniuma mpaka leo:

"Kijana, nguruwe wamekula mashamba ya watu wengi mwaka huu. Waliokuja kuniambia nimewapa muda mpaka mavuno yajayo. Wewe hukuja."

Hukuja! Ni mwendo wa asubuhi moja kutoka kwetu!

Tukadhani basi, yamekwisha. Mjomba akapatana naye pale pale mbele ya watu: deni litalipwa kidogo kidogo, kwa mkono wetu, bila mtu wa katikati. Tukavuka mto kwenda kumchukua Anyesi.

Mtani alikuwa amekaa barazani anamenya muwa.

"Deni ni la mwenye duka, kamalizaneni naye," akasema. "Msichana nilipewa mimi. Alisema 'mchukue akakutwangie'. Na ninyi mnajua, anachokichukua mtani hakirudishwi. Au desturi mmeisahau?"

Mnaona? Wakati wa kumchukua alisema si utani. Wakati wa kumrudisha anasema ni utani! Mjomba akainua fimbo, nikamshika, maana wale mashahidi wawili walikuwa wamekaa pale pale, na angempiga tungeingia katika kesi nyingine.

Sasa shauri liko kwa akida, mkubwa wa majumbe wa huku. Ametuambia tungoje siku ya baraza. Mashahidi wale watasimama na kusema kwamba nilitamka, na wala hawatakuwa wamesema uongo. Nilitamka kweli.

Mjomba amekwisha niambia hatanisemea. "Ulipata mdomo kwenye matanga," alisema, "utaupata na barazani." Ninatakiwa kusimama mbele ya watu wote, na mama yupo, na kusema kwamba Anyesi aliniuliza mlangoni nami nikamdanganya. Nisipolisema hilo, itaonekana kwamba yeye mwenyewe alikubali kwenda. Kila nikilijaribu peke yangu shambani, naishia kwenye neno "mlangoni".

Ninyi mnaodaiwa, nawasihi! Msijifiche migombani kama mimi. Nenda mwenyewe kwa aliyekukopesha, hata ukisimama mlangoni ukitetemeka, useme sina, naomba muda. Mchukue mtu mzima wa ukoo wako, akugombeze njiani ukipenda, lakini awepo. Kama ni kuuza kanzu, uza. Kama ni kufanya kipande, fanya, ila mshahara mpe mwenye deni mkononi mwake, watu wakiona. Na mtu anayekuja kudai kwa niaba ya mwingine, hata akikuchekesha namna gani, usimpe kitu ambacho huwezi kukilima ukakipata tena.

Nimeomba mwalimu wangu wa zamani aipeleke barua hii gazetini. Jina langu asiliandike.

Nami ninaomba jambo moja. Kama yuko msomaji aliyepata kuona shauri la namna hii, mtu aliyetolewa kwa maneno ya utani, aniandikie humu humu gazetini, aseme tu "kwa kijana wa Matombo." Nataka kujua, je, huko kwenu mtoto alirudi? Na yule aliyesema maneno, alisimamaje akayasema tena mbele ya watu? Andikeni upesi, hata mstari mmoja, kabla ya siku ya baraza. Anyesi bado yuko kule, anatwanga.