Mzalishaji Aliyejitwisha Anguko la Mwenzake

Saa mbili asubuhi, siku ya soko la pamba, Cécilia, mzalishaji wa kijiji, hatulii. Anatoka mlangoni mwa zahanati, anatazama barabara ya Kabambare, anarudi ndani, anakaza kitambaa kichwani, anatoka tena. Wajawazito wawili amekwisha kuwapima, na wote amewauliza mara mbili swali lile lile: "Umeanguka siku gani?"

Wengine humcheka, maana wamefuata dawa ya mafua tu. Yeye hajali. Ana miaka thelathini na minne, alifundishwa kazi na masista wa Kasongo, na tangu mwaka 1949 amewapokea watoto zaidi ya mia tatu. Mimba iliyogonga gogo au jiwe, anasema, haina subira.

Shida ni kwamba hapa kijijini mjamzito haanguki hivi hivi. Akianguka, watu wa mume husema ana ugomvi ameuficha moyoni. Shangazi wa mume humketisha na kumhoji, na mjamzito hainuki mpaka amtaje aliyegombana naye, hata ikichukua siku nzima. Nani anataka aibu hiyo? Mficha uchi hazai, tunajua sote, lakini wanawake hunyamaza, huja zahanati na kusema ni homa.

Miaka mitatu iliyopita Anastasie, mke wa katekista, alikuja akilalamikia kichwa. Cécilia alimpa dawa ya kichwa akamwacha aende. Kesho yake alizikwa, mtoto akiwa tumboni. Waliomwosha ndio walioona ubavu umevilia damu.

"Nilimugusa kichwa, sikumugusa tumbo," Cécilia anasema. Analisema haraka, kisha anachukua ufagio na kufagia mahali palipofagiliwa asubuhi.

Saa nne analetwa Émérance, mimba ya miezi minane, akimwegemea shangazi wa mumewe, Mama Pascaline. Amepauka, jasho linamtiririka. Ni homa, shangazi anaeleza. Cécilia anaweka kiganja: tumbo gumu kama kinu, wala halilegei. Anaweka pembe ya mti ya kusikilizia. Moyo wa mtoto unapiga polepole mno. Anainama na kuuliza swali lake kwa sauti ya chini. Émérance anafumba macho na kunong'ona kwamba ni jana, kwenye daraja la magogo, akiwa na kikapu cha pamba.

Shangazi amesikia. Papo hapo anasema mgonjwa atarudi nyumbani ahojiwe kwanza, kwani mtoto hatatoka salama kabla maneno hayajatoka. Mama huyu hana roho mbaya, jamani. Anampenda Émérance, na hofu imemshika. Lakini damu inamwagikia ndani, na hospitali iko Kasongo, kilomita arobaini na tano.

Hapo Cécilia anasema uongo.

"Hana ugomvi na mutu, mama. Mimi ndiye nilimugonga na baiskeli pale darajani, nikakimbia. Mutaniuliza mimi."

Mama Pascaline anamkodolea macho. Kisha anauachia mkono wa Émérance, kwa kuwa aliyeangushwa na mtu hana la kuhojiwa.

Sokoni, dereva Fidèle yuko tayari kuondoka na lori la pamba kwenda Kasongo. Musafiri, mume wa Émérance, anatoka kwenye foleni ya mzani na kumpandisha mkewe juu ya magunia ya pamba. Njia ni mashimo matupu. Kwa muda wa saa tatu nzima Cécilia anasikiliza tumbo, anagonga paa la lori, anasikiliza tena. Anamtukana dereva, anamwomba radhi, anamtukana tena.

Daktari alimpasua Émérance alasiri ile ile. Alizaliwa msichana wa kilo moja na gramu mia nane, ambaye hakulia mpaka dakika kadhaa zilipopita. Mama alipoteza damu nyingi na kulala hospitalini wiki tatu. Mtoto sasa ana miezi miwili, na bado ananyonya kwa shida. Alikosa hewa kiasi gani tumboni, daktari hajui. Itabidi kungoja kuona kama ataketi na kutambaa kama wenzake.

Kijijini, Cécilia alikiona cha moto. Ukoo wa Musafiri ulidai ahamishwe, na kwa mwezi mzima hakuna mjamzito aliyekanyaga zahanati. Lawama alizimeza. Kilichomnyima raha ni kuwaza kwamba mahali fulani kuna aliyeanguka, na anaogopa kuja.

Jumapili iliyopita ukoo uliketi kuamua. Cécilia aliomba jambo moja tu, hata kama ataondoka: mjamzito akianguka apelekwe kwanza zahanati, ahojiwe akishazaa. Anataka kupita kila kijiji, mpaka Kabambare, akiwaomba mashangazi hivyo hivyo. Wazee walikuwa wakinong'onezana Émérance aliposimama, mtoto mgongoni.

"Munganga hakuniangusha," alisema akimwonyesha Cécilia. "Nilianguka mimi mwenyewe. Gogo lilikuwa na utelezi. Sina ugomvi na mutu."

Mama Pascaline aliinamisha kichwa. Kisha, nyuma ya wanawake wote, binti mmoja mjamzito aliyekuwa ameketi chini alijikokota kuinuka, mkono kiunoni.

"Na mimi nilianguka," alisema. "Juzi."

Cécilia hakungoja kusikia kikao kimeamua nini; alimshika binti mkono, wakaelekea zahanati.